Hiyo Ndiyo Tabia ya Kobe

Kila alipotoka shule, binti wa fundi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji kwa baba yake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono, kisha akaketi kwenye kiti cha mbele cha gari ambalo sehemu zake nyingine zote zilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Kiti hicho kilikuwa ndiyo ofisi yake, na kazi yake ilikuwa kushika simu ya baba.

"Karani!" baba yake aliita siku moja, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Hilo ndilo jina alilompa. "Kuna nini huko jukwaani leo?"

"Watu wa Mshale wamerudi tena, Baba. Wanasema Kobe ni kabati la nguo lililofungwa magurudumu."

"Waambie kabati hilo linabeba ngazi, magunia na mama mkwe, na mlima linapanda. Mshale wao ukimbeba mama mkwe unakwaruza tumbo chini."

Karani aliandika huku akicheka. Muda si muda, simu ikaanza kulia kwa pongezi na vicheko.

Jukwaa hilo lilikuwa kundi la wapenda magari wa mji wao, na humo watu walibishana kutwa. Kulikuwa na kambi mbili. Wa kwanza walipenda Mshale, gari la chini, jembamba, lenye pua ndefu na mbio za kutisha. Wengine walikuwa watu wa Kobe, gari fupi, pana, lisilo na haraka, lenye nafasi nyuma ya kulaza hata kitanda. Walibishana kuhusu umbo, mafuta, viti na hata mlio wa mlango ukifungwa. Usingedhani ni watu wazima wenye watoto wao.

Baba yake Karani alikuwa fundi wa Kobe kwa miaka mingi, na humo jukwaani alijulikana kwa jina la Fundi Kobe. Lakini mikono yake haikuisha grisi, na kuandika kwenye simu hakukupenda. Kwa hiyo yeye alisema, binti akaandika. Alimwekea sharti moja tu. "Mambo ya utani, jibu unavyotaka. Mtu akiuliza ufundi, niite. Hata kama niko chini ya gari, niite."

Mwanzoni Karani alilishika sharti hilo. Lakini sifa ni tamu. Kila alipomshinda kwa maneno mtu mmoja mkali wa upande wa Mshale aliyejiita Mkuki, watu wazima walimwandikia, "Fundi, umetisha!" na "Mzee wetu, hakuna kama wewe." Shuleni alikuwa msichana wa kawaida wa miaka kumi na mitatu, anayesahaulika hata timu zinapochaguliwa. Huku jukwaani alikuwa mzee. Nani angeiacha raha hiyo?

Siku ya mkosi ilikuwa Jumatatu. Fundi alikuwa ameondoka kwenda kununua vipuri, akamwachia Karani simu na gereji. Ndipo mtu mmoja aliyeitwa Baba Pacha akaandika jukwaani. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, na Kobe yake ndiyo iliyombebea ngazi na ndoo za rangi. Aliuliza kwa adabu: siku mbili hizi, akikanyaga breki, pedali inazama polepole kama imechoka, mara nyingine inafika chini kabisa. Je, wenzake wenye Kobe wamewahi kuona jambo hilo?

Mkuki alirukia palepale. "Mmeona? Kabati halina breki! Leteni seremala!" Wenzake wakamiminika na vicheko. Watu wa Kobe wakaanza kuita, "Fundi uko wapi? Tutetee!"

Karani alihisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kumpigia baba yake kwa namba ya duka la vipuri, au hata kumngoja, maana hakuwa mbali. Lakini vicheko vilikuwa vinaendelea, na kila dakika kambi yake ilikuwa inaaibika. Tena alijiona anajua. Mara kadhaa baba yake alimketisha kwenye usukani wakati akitoa hewa kwenye mipira ya breki, akamwamuru, "Kanyaga, achia, kanyaga, achia, sasa shikilia!" na kweli pedali ilikuwa ikipanda na kuwa ngumu. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Aliona, akadhani kuona ndiko kujua.

Akaandika: "Ndugu yangu, usiwe na shaka. Hiyo ndiyo tabia ya Kobe. Ni gari zito, breki zake zinataka kuamshwa. Kanyaga mara mbili tatu harakaharaka, zitashika kuliko za Mshale wowote."

Kambi ya Kobe ilishangilia. Mkuki akanyamaza. Baba Pacha naye akajibu: "Asante sana fundi wangu. Nilikuwa nimeanza kuogopa, nikataka kulileta gereji kesho. Umenipunguzia safari."

Fundi aliporudi na mfuko wa vipuri aliuliza kama kuna jipya. "Hakuna, Baba," alisema Karani. "Utani tu."

Wiki iliyofuata, Karani akitoka shule, alikuta watu wamejaa chini ya mteremko karibu na kituo cha basi. Barabara ilikuwa nyeupe. Alidhani ni maziwa, kumbe ni rangi, ndoo kwa ndoo, imetiririka hadi kwenye mtaro. Kobe ya kijivu ilikuwa imejibamiza kwenye ukuta wa mawe. Pua yake ilirudi ndani hadi kwenye viti, na ngazi iliyokuwa juu ya paa ilikuwa imepita mbele na kuvunja kioo. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na maandishi madogo ya mkono: Pacha Wangu.

"Aliugeuza usukani makusudi," mwanamke mmoja aliyekuwa kituoni alikuwa akisimulia. "Nilimwona kwa macho yangu. Anakanyaga, anakanyaga, gari haisimami. Alituangalia, akageukia ukutani. Angenyoosha tu, saa hizi tungekuwa maiti."

 Karani alishika njia nyingine kwenda nyumbani, viatu vyake vikiacha alama nyeupe, na siku hiyo gereji hakwenda.

Kesho yake mdogo wake Baba Pacha alikuja gereji. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu, na hakukaa alipokaribishwa. Alisema kaka yake yuko hai, lakini mguu wa kulia ulisagwa na daktari ameukata chini ya goti. Kisha akatoa simu ya kaka yake. "Fundi, kaka hupenda kusema wewe ni mtu makini. Jisomee mwenyewe. Ni wewe uliyeandika hivi?"

Fundi aliishika simu mbali na macho, akasoma, akarudia kusoma. Uso wake ulibadilika. "Jina ni langu," alisema taratibu. "Lakini maneno haya..." Akamgeukia binti yake. "Karani, mimi nilisema hivi lini?"

Njia ya kweli ilikuwa wazi mbele yake, hatua moja tu. Lakini yule kijana alikuwa amemkazia macho, na neno mguu lilikuwa bado linamvuma masikioni. Ulimi hauna mfupa. "Ulisema, Baba," alijibu. "Siku ile ulipokuwa chini ya gari. Labda umesahau."

 Fundi hakuwa na sababu ya kutomwamini mwanawe. Akamrudishia kijana simu kwa mikono miwili. "Kama nilisema, basi nimemkata kaka yako mguu," alisema. "Sina la kujitetea. Nenda polisi ukaeleze, nami nitakuja kukiri."

Alikwenda polisi, akakiri, na tangu siku hiyo fundi hakuwa yule wa zamani. Utani ulikwisha. Nati aliyokwisha kuikaza aliikaza tena, akaenda hatua chache, akarudi kuikagua. Alimuuliza Karani mara kwa mara, "Hivi hapa nimekwisha kutia mafuta? Nimesema nini kuhusu gari lile?" Mwisho akawapigia simu wateja wake waje wachukue magari yao. "Fundi asiyekumbuka alichosema," aliwaambia, "asiguse breki za watu." Nusu ya mlango wa gereji ikafungwa, na jirani muuza matairi akaacha hata kusalimia. Karani aliyaona yote hayo. Chakula kilimshinda, na darasani mwalimu alipomwita jina hakusikia. Alijua kwamba amemwibia baba yake akili yake mwenyewe, na kwamba ni yeye tu anayeweza kumrudishia. Hata hivyo kila alipofungua mdomo, aliogopa, akaufunga.

Jukwaani nako kulikuwa kunachafuka. Hakuna aliyeuliza hali ya mgonjwa. Mkuki na wenzake waliweka picha ya gari lililobondeka na kuandika, "Tuliwaambia." Watu wa Kobe nao wakajibu kwamba gari halina kosa, dereva ndiye mbovu. Wakavutana hivyo siku nzima, kama vile ndani ya picha ile hakukuwa na mtu.

Siku iliyofuata, Karani akiwa kwenye kiti chake gerejini, ujumbe mpya uliingia. Mwandishi alikuwa Mama Mikate, mwenye tanuri la mikate kule juu kilimani, ambaye kila alasiri alisambaza mikate kwa Kobe yake. "Acheni kuisingizia Kobe," aliandika. "Na yangu ina tabia hiyohiyo, nami naendesha bila wasiwasi. Nafuata maneno ya Fundi Kobe. Nakanyaga mara tatu, inashika. Jana ilitaka mara nne, lakini si neno. Haya, napakia mikate, tutaonana baadaye."

Karani alisimama.  Alikumbuka mteremko, kituo cha basi, rangi ikitiririka mtaroni. Baba yake alikuwa amechuchumaa kando ya gari la mwisho lililobaki gerejini, spana mkononi, akikagua gurudumu alilolikagua asubuhi.

"Baba, hukusema."

"Sikusema nini?"

"Yale maneno ya breki. Hukuyasema kabisa. Uliyemwacha na simu ni mimi, nikaandika mimi. Sikutaka watucheke. Na nilipokuambia ulisema, nilikudanganya."

Spana ilibaki imening'inia mkononi mwa fundi.  "Kumbe kichwa changu ni kizima," alisema kwa sauti ya chini, na hapakuwa na furaha yoyote ndani yake. Karani alingoja kofi. Angalau kofi lina mwisho. Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya kofi, naye akamsogezea simu. "Kuna mwingine, Baba. Soma. Anaondoka sasa hivi."

Fundi alisoma harakaharaka, akapiga namba ya Mama Mikate. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akatoka mbio bila kufunga mlango, akamwomba muuza matairi pikipiki yake kwa neno moja, "Breki!" na muuza matairi, ambaye siku hizo hakuwa akimsemesha, alimtupia ufunguo. Karani alipanda nyuma, akamkumbatia baba yake kiunoni. Walipanda kilima pikipiki ikilia kwa uchungu.

Mbele ya tanuri Kobe ya bluu ilikuwa imekwisha kuwashwa, pua imeelekea mteremkoni. Vijana wawili walikuwa wakisukuma trei ya mwisho ndani. Mama Mikate, mwanamke mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, alikuwa anafunga mkanda. Fundi alisimamisha pikipiki mbele ya gari, akapitisha mkono dirishani na kuzima injini mwenyewe.

"Eh, fundi! Una wazimu?"

"Shuka kwanza, dada yangu. Tafadhali, shuka."

Alifungua boneti, akainama kukikagua kichupa cha mafuta ya breki. Kilikuwa karibu kikavu. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga. Pedali ilizama mpaka chini. Akakanyaga mara tatu, mara nne, mara tano. Ilizama tu. "Masta ya breki imekufa," alisema, "yaani kile kifaa kinachosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Mafuta yanavuja. Ukikanyaga mara nyingi unakusanya nguvu kidogo iliyobaki. Siku inapokwisha, imekwisha."

"Lakini si wewe uliyesema hiyo ni tabia yake?"

 Fundi alimtazama binti yake, na macho yake hayakuwa ya kumsaidia wala ya kumtisha. Yalimngoja. Vijana wa tanuri walikuwa wamesimama na trei yao. Karani alihisi afadhali ardhi impasukie, lakini akasema, "Ni mimi, mama. Baba hakusema. Mimi si fundi. Niliandika nisichokijua."

Mama Mikate aliketi polepole kwenye kreti tupu. Hakufoka. Alijifuta uso, unga ukachanganyika na jasho. "Leo nilikuwa nimpitie mwanangu shuleni," alisema. "Tungeteremka pamoja." Kisha akawaashiria vijana washushe mikate yote.

Walirudi kwa miguu, fundi akisukuma pikipiki. Hakumpiga. Alimwambia tu kwamba maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini mtu aliyeyamwaga hana ruhusa ya kukaa akiyatazama. Kwanza alirekodi ujumbe wa jukwaani kwa sauti yake mwenyewe: yeyote mwenye gari, la aina yoyote, ambalo pedali yake inazama, asiliendeshe hata mtaa mmoja. Kisha akampa Karani simu. Karani alisema jina lake la shuleni, umri wake, na kosa lake. Sauti ilimkatikakatika, lakini alifika mwisho.

Kuna waliotukana. Kuna waliosema mtoto afungiwe ndani. Mkuki aliandika kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Na mimi nilimcheka badala ya kumwambia aegeshe gari," aliandika. "Na Mshale wangu una dalili hiyo. Naupeleka kwa fundi ukiwa unavutwa." Siku iliyofuata fundi alimpeleka binti yake polisi, maelezo yakaandikwa upya, safari hii ya kweli.

Jumamosi walikwenda hospitali. Baba Pacha alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Shuka lilikuwa limeinuka juu ya mguu mmoja, na upande wa pili lilikuwa limelala bapa. Kucha zake bado zilikuwa na rangi nyeupe. Karani alimwamkia, kisha hakujua aweke wapi macho.

"Nilidhani utakuwa mkubwa," alisema Baba Pacha. "Huko jukwaani unaongea kama mzee."

"Nisamehe, baba."

Yule mtu aligeuza uso kwenye dirisha.  "Nisikudanganye, mwanangu," alisema. "Kazi yangu ni ya ngazi. Watoto wangu wanakula kwa ngazi. Msamaha leo sina, na nikisema ninao nitakuwa nasema nisilolijua, kama ulivyofanya wewe. Labda msamaha utakuja, sijui lini." Akavuta pumzi, akaumia, akangoja maumivu yapungue. "Lakini yule mama wa mikate alikuja kuniona jana, kwa miguu yake miwili. Hiyo ni kwa sababu hatimaye ulisema kweli. Hilo nimeliona, na nitalikumbuka."

Fundi alitaka kusema kitu, Baba Pacha akamzuia kwa mkono. "Na wewe fundi una lako. Jina lako ndilo nililoliamini. Ukimwazima mtu jina, umemwazima na neno lako."

"Ni kweli, ndugu yangu," alijibu fundi. "Sitaliazima tena. Na hilo nalibeba mimi, si yeye."

Baba Pacha akamrudia Karani. "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile ungeniandikia neno moja tu, 'sijui', ningekasirika kidogo, nikapeleka gari gereji, basi. 'Sijui' ni aibu ya dakika moja. Haijawahi kumkata mtu mguu. Lishike hilo mpaka uzeeke."

Muuguzi alikuja na sinia ya bandeji, akawaomba watoke. Kwenye benchi la ukumbi waliketi wavulana wawili wanaofanana, wenye sare za shule, miguu haifiki chini. Mmoja alimtazama fundi, akatazama ovaroli yake, kisha akamgeukia Karani, kwa kuwa ni mtoto mwenzake.

"Dada, umemwona baba? Atarudi lini kupanda ngazi?"

Karani alipiga magoti mbele yao. Majibu mazuri yalimjaa mdomoni, ya kuwafurahisha, ya kumfurahisha hata yeye mwenyewe. Aliyameza yote.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka.